Mfereji Juu ya Chemchemi Yetu

Walisema mimi ndiye niliyeikausha chemchemi. Walisema hadharani, kwenye mkutano wa kijiji, na aliyeongoza mkutano alikuwa mwenyekiti wetu, baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba pamoja na wakamwana wenzangu, kichwa nimekifunika kwa kanga. Kwetu Rungwe mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Ukimsikia anakuja njiani, unaingia shambani na kumgeuzia mgongo mpaka apite. Akiingia uani, wewe unatokea mlango wa nyuma. Hamsemeshani. Hiyo ndiyo tunaita kutila, na inamfunga baba mkwe kama inavyomfunga mkamwana. Anayeivunja, watu husema amejiletea balaa, yeye na nyumba yake.

Basi nilishitakiwa nikisikia, na kujibu sikuweza. Pengine hata bila kutila nisingejibu. Tangu darasa la kwanza mpaka la saba mwalimu akiuliza swali nilikuwa nalijua jibu, lakini mdomo haukufunguka. Siku ile, hata hivyo, sikuona haya. Niliona hasira, na mpaka leo ninapoandika haijaniisha.

Kijiji chetu kiko upande wa Masoko, juu ya mgongo wa kilima. Watu walihamishiwa hapo mwaka ule wa kuhamia vijijini, nyumba zikapangwa mistari miwili kando ya barabara, na mimi nikaolewa hapo baadaye kidogo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kinamasi kipana, kimejaa matete, ardhi yake ikibonyea ukiikanyaga. Kinamasi kilipoishia ardhi ilianguka ghafla, yote migomba, na chini ya mteremko ndipo chemchemi ilipotoka kwenye mwamba. Chini zaidi, mbali sana, kuna mto ndani ya korongo. Hivyo ndivyo mahali petu palivyo: juu kinamasi, katikati chemchemi, chini kabisa mto.

Njia ya mtoni unaipanda kwa kushika mizizi. Ikinyesha, na kwetu hunyesha karibu mwaka mzima, inateleza kama sabuni. Jirani yetu mmoja alianguka huko na mtungi wake, nyonga ikavunjika, na sasa anatembea kwa fimbo ingawa si mzee. Kilichotuokoa sisi wengine na korongo lile ni chemchemi. Mwaka wa mambo haya nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nilipochungulia kule chini nilijiona nikipanda na debe kichwani na tumbo mbele, nikarudi nyuma.

Chemchemi ilijengewa kwanza. Alikuja bwana maji kutoka Tukuyu, kijana mpole mwenye koti la mvua, akaleta saruji. Sisi tukabeba mawe na mchanga kwa kujitegemea, akajenga kisanduku cha saruji kwenye jicho la maji na kutoa bomba. Ikaundwa kamati ya maji. Akapiga picha, akaondoka.

Halafu akaja bwana shamba, naye kutoka Tukuyu, kwa pikipiki. Alisimama ukingoni mwa kinamasi akasema ni dhambi kuacha udongo mweusi namna ile ulale chini ya maji wakati kijiji kinatafuta mahali pa shamba la ujamaa. Tukate mfereji, maji yatoke, tupande kabichi. Ikaundwa kamati ya shamba, na mwenyekiti wake akawa huyohuyo mwenyekiti wa kijiji, baba mkwe wangu.

Hivyo kijiji kikawa na kamati mbili. Maji yaliyotoka chini ya ardhi yalikuwa ya kamati moja, na maji yaliyolala juu ya ardhi yalikuwa ya nyingine, kana kwamba maji yanapozama yanahama ukoo.

Mimi nimezaliwa Kisiba, karibu na ziwa lililo ndani ya shimo la mlima. Ziwa lile halina mto unaouona ukiingia. Lakini ikinyesha sana vilimani, baada ya muda unakuta jiwe ulilokuwa ukifulia limefunikwa. Mtoto yeyote wa kwetu anajua maji yamepita chini. Sisemi hili kujisifu. Hata pale kijijini kila mtu alilijua, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Siku tuliyokuwa tukizoa tope la mfereji, mama mkwe wangu alisimama na karai kichwani akasema, "Haya tunayoyamwaga huku, jamani, ndiyo tunayoyachota kule. Tutapika kwa nini? Kwa mate?"

Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mfereji ukaisha, maji ya kinamasi yakatoka yakikimbia yakielekea korongoni, mekundu kwa udongo, na wanaume wakayashangilia kama watu waliokamata mwizi.

Mfereji ule ulikata na njia. Zamani wanaume walipita juu, ukingoni mwa kinamasi, na wanawake tulipita chini, katikati ya migomba, kwenda chemchemi. Haikuandikwa popote. Ilikuwa hivyo ili watu wanaoepukana waepukane bila taabu. Sasa njia ya juu ilikuwa na shimo. Kamati ya shamba iliahidi kuweka magogo ya kuvukia, haikuweka, na wanaume wakaanza kupita njia yetu.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa napanda na debe limejaa. Mbele yangu wanawake wengine walikuwa wakishuka. Baba mkwe akatokea kwenye migomba na jembe begani, hatua chache kutoka kwangu. Kulia kulikuwa na ukuta wa udongo, kushoto mteremko. Ningeingia wapi? Nilijifunika uso, nikageuka, debe likaanguka likabingirika mpaka chini. Yeye naye aligeuka akasimama ameutazama ukuta wa udongo kama mtoto aliyeadhibiwa. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, mpaka mama mmoja akanivuta mkono akanipitisha chini kwenye majani.

Habari ilifika kijijini kabla ya debe langu.

Mvua zilipopungua, chemchemi ikapungua nayo. Miaka mingine ilipungua kidogo, mwaka ule ikapungua vibaya. Bomba lililokuwa likitoa maji unene wa mkono likatoa unene wa kidole. Tukaanza kupanga foleni. Kamati ya maji ikaitisha mkutano ili kutafuta chanzo. Chanzo! Kilikuwa juu ya vichwa vyao, kina kabichi ndani yake. Lakini mjumbe mmoja wa kamati alisimama akasema maji yana heshima yake, na watu wamevunja kutila kwenye njia ya maji, wote wanajua ni nani. Mwingine akasema ndiyo, tangu siku ile ndipo maji yalipokasirika.

Nilimsubiri baba mkwe aseme kitu. Yeye ndiye aliyekuwa pale njiani. Yeye ndiye aliyetoka kwenye njia isiyo yake. Kwa sauti yake nzito aliyozoea kufungulia na kufungia mikutano, alisema, "Jambo hili tutalirekebisha kwa taratibu zetu."

Taratibu zetu maana yake ni kwamba baba yangu alitembea kutoka Kisiba na mbuzi wa kunilipia kosa. Alimvuta kwa kamba kupita barabara yote ya kijiji, mtu mzima, na watu wakimtazama. Alinisalimia, hakuniuliza kitu. Mbuzi alichinjwa, kamati zote mbili zikala, wakanawa mikono kwa maji niliyoyapangia foleni mimi. Baba akaondoka na kamba yake.

Chemchemi ikaendelea kupungua.

Siku nyingine, foleni ilipokwisha, nilikuwa pale bombani peke yangu, debe linajaa taratibu, akaja bwana maji kuangalia. Wanawake walikuwa wamempelekea malalamiko. Alichuchumaa, akaweka kidole kwenye maji, akatikisa kichwa. Kabla hajasimama akatelemka bwana shamba kutoka kwenye kabichi, anatafuta mahali pa kuosha viatu. Wakasalimiana vizuri, wanafahamiana. Mimi nilikuwa pale, lakini msichana mwenye debe ni kama mti, mtu anasema mbele yake lolote.

"Habari za huko juu?"

"Safi. Kabichi zinafunga vichwa, usione. Za huku?"

"Chemchemi yangu inakufa."

"Pole, bwana."

"Ni mfereji wako."

"Inawezekana kabisa," bwana shamba akasema, anasugua kiatu kwa jani la mgomba. "Kinamasi ndicho kilichokuwa kinailisha. Hilo halihitaji kwenda chuoni."

"Basi zibeni."

"Nizibe mimi? Nikiziba nitaulizwa kabichi ziko wapi. Wewe ndiye mtu wa maji."

"Mimi ni wa maji ya kunywa. Pale juu ni shamba. Nitaingiaje kwenye shamba la watu?"

"Waambie wakubwa wako wawaambie wakubwa wangu."

"Wakubwa wetu wanasalimiana Jumapili tu, kanisani."

"Si wote wako Tukuyu hiyohiyo?"

"Tukuyu hiyohiyo, milango mbalimbali."

Wakacheka wote wawili. Halafu bwana shamba akanigeukia akasema, "Dada, hebu tupe maji tunywe." Nikawapa. Debe lilikuwa halijafika nusu. Walikunywa kwa kata yangu, mmoja baada ya mwingine, wakashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," ili kunifurahisha, na wakapanda kilima wakizungumza habari za mpira.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe. Nilimwambia yote, haraka, mimi ambaye maneno yangu hutoka moja moja. Yeye ni mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali, na alikuwa akimenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Mwambie mwenyekiti," akasema.

"Nitamwambiaje, mama?"

"Yupo hapo nje barazani na mbwa wake. Ukuta huu ni mianzi, anasikia hata tumbo lako likinguruma. Sema na sufuria. Hakuna aliyekataza mtu kusema na sufuria yake."

"Siwezi."

"Basi nitasema mimi. Lakini mimi nikianza nitachanganya na mambo yangu ya zamani, tutafika mpaka kwa ng'ombe wangu aliyempa dada yake, na tutalala hapa."

Nje mbwa alijikuna. Ndipo nikamkumbuka baba yangu na ile kamba.

"Wewe sufuria," nikasema.

"Sufuria ni kiziwi," mama mkwe akasema. "Ongeza."

"Wewe sufuria! Karibu utakosa cha kupikia. Chemchemi inakauka. Haikauki kwa sababu mtu alikutana na mtu njiani. Inakauka kwa sababu ya mfereji. Maji ya juu na maji ya chini ni maji yaleyale. Ukiyatoa huku, kule hayafiki. Bwana shamba anajua. Bwana maji anajua. Na wale waliokula mbuzi wa baba yangu, na wao wanajua."

Nje baba mkwe akakohoa.

"Wewe mbwa," akasema. "Umewahi kusikia sufuria yenye maneno mengi namna hii?"

Mama mkwe akaziba mdomo kwa mkono wenye utomvu.

"Mbwa, sikiliza. Mimi nimezaliwa hapa. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mfereji utaikausha ile chemchemi. Lakini wageni wa wilaya wanakuja kuona kabichi. Kijiji hiki kitatajwa. Wakishaziona na kuondoka, tutaziba. Sasa lala."

"Na yule mbuzi wa baba yake?" mama mkwe akauliza kwa sauti kubwa. Yeye ni mkewe, anaweza kumsemesha anavyotaka.

"Mbuzi ameshaliwa. Na wewe ulikula."

"Nilikula mguu tu. Haukuwa na ladha."

"Uliumaliza!"

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi sikucheka. Baba mkwe alijua. Alikuwa amejua pale njiani akiutazama ukuta wa udongo, na alijua mkutanoni, na alijua akila. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mtu asiyejua. Mtu anayejua unamweleza nini?

Wageni wa wilaya hawakuja wiki ile. Ikasemwa watakuja wiki ijayo. Ikasemwa gari lao limeharibika. Ikasemwa wamekwenda kwanza Kyimo kuona shamba la huko. Kila iliposemwa wanakuja, kabichi ziling'olewa magugu na mfereji ukazolewa tope ili maji yatoke vizuri zaidi. Kule chini unene wa kidole ukawa unene wa unyasi, unyasi ukawa matone. Wanawake walilala na madebe yao kwenye foleni, wakagombana, mmoja akamwita mwenzake mchawi. Asubuhi moja tulifika tukakuta kisanduku cha saruji kikavu, chura amekaa ndani yake.

Siku ile nilikwenda mtoni. Sitaeleza safari yote. Niliteremka nikiwa nimekaa, nikachota maji yenye udongo wa shamba letu wenyewe, nikapanda. Katikati ya mwinuko mguu uliteleza nikashika mzizi kwa mkono mmoja na debe kwa mwingine, na mtoto tumboni akapiga teke. Sikuliachia debe. Nililia kwa hasira pale pale nimeushika mzizi, nikiwataja mmoja mmoja, kamati ya shamba na kamati ya maji, kwa majina yao yote, hata jina la baba mkwe ambalo mkamwana hapaswi kulitamka. Nililitamka vizuri kabisa.

Nilipofika, mama mkwe aliniona magoti yenye damu. Hakuniambia pole. Alikwenda nyumba moja baada ya nyingine, na jioni akarudi akasema kesho asubuhi, jua likishakuwa juu, wakamwana wote wa kijiji tukutane kwenye mfereji na majembe na mapanga.

"Wakamwana tu," akasema. "Hao kina mama wakubwa kama mimi hawana faida huko. Mimi nitakwenda kwa sababu ya kusema."

Sikuelewa mpaka tulipofika. Kila mzee wa kamati alikuwa na mke wa mwanawe pale kijijini, baadhi walikuwa nao watatu. Wakamwana wote wakiwa wamesimama mferejini, hakuna mzee wa kamati aliyeweza kukaribia bila kuonana na mkamwana wake. Tuliangusha migomba iliyokwisha kuzaa, tukalaza vigogo vyake mdomoni mwa mfereji, tukashindilia mabonge ya udongo wenye nyasi. Hatukuimba. Watu hudhani wanawake wakifanya kazi lazima waimbe.

Wazee wakatoka. Tuliwaona juu kwenye mgongo wa kilima, wamesimama mstari, wote wametugeuzia migongo. Walikuwa wakipigiana kelele wenyewe kwa wenyewe ili sisi tusikie: mali ya ujamaa, hujuma, wageni wanakuja. Waume zetu wengi walikuwa kwenye mashamba ya chai. Waliobaki kijijini walijikuta siku hiyo wana kazi nyingine mbali kidogo.

Akatumwa katibu wa kijiji, kijana ambaye hajaoa.

"Shikamoo mama," akamwambia mama mkwe. "Mwenyekiti anasema mwache mara moja."

"Marahaba. Mwambie aje aseme mwenyewe."

Akapanda. Akashuka anahema.

"Anasema hawezi kuja, kuna mkamwana wake."

"Basi aje makamu wake."

"Naye ana wakamwana wawili hapa."

"Mweka hazina?"

Katibu akatuangalia, akahesabu kimoyomoyo, akakata tamaa. "Mama, mnanitia matatani."

"Wewe huna tatizo, mwanangu. Wewe huna mkamwana. Huna hata mke wa kukupa mkamwana. Shika mgomba huo upande wa pili, mwanamke mjamzito anabeba peke yake, huoni haya?"

Aliyekuwa akibeba ni mimi. Katibu alitazama juu kule kwenye migongo, akatazama chini, akashika. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mmoja akamwambia, "Ukifanya kazi hivi nitakutafutia mdogo wangu," naye akafurahi mpaka akakosea akakanyaga tope, kiatu kikabaki humo.

Jioni mfereji ulikuwa umeziba. Maji yalianza kusimama kati ya mistari ya kabichi. Sikuona huruma. Nilijua kuna jasho la watu pale, na langu likiwemo, lakini sikuona huruma.

Chemchemi haikurudi kesho yake. Wala keshokutwa. Watu wakaanza kutuangalia vibaya, wakasema tumeua shamba na maji hayakutoka, na mimi nilikwenda mtoni, na kila nilipopanda nilijiuliza kama tulichelewa. Mvua ndogo zilipoanza, mwamba ukaloa. Baadaye yakaja matone, halafu unyasi. Haikufika tena unene wa mkono. Bwana maji alisema huenda kinamasi kikishakauka hivyo udongo wake husinyaa na kupoteza nguvu ya kushika maji. Alisema kama mtu anayesimulia habari ya nchi nyingine.

Hapo ndipo wageni wa wilaya walipokuja. Kabichi zilikuwa zimeoza. Baba mkwe aliwapeleka kwenye chemchemi. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba kama kawaida, na nilisikia kila neno. Alisema kijiji chetu kimegundua kwa uzoefu wake kwamba maji ya juu na maji ya chini ni maji yaleyale. Ukiyatoa huku, kule hayafiki. Kwa hiyo, akasema, chini ya uongozi wake, kijiji kimeamua kuyatunza pamoja kama mali moja ya wote, na kimeziba mfereji. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akasema hayo ni mawazo ya kimapinduzi.

"Umesikia?" mama mkwe akaninong'oneza. "Amesema vizuri."

"Ni maneno yangu."

"Hata mimi nimeyatambua. Ameacha ya mbuzi tu."

Ikaundwa kamati moja badala ya mbili, kamati ya maji yote. Mama mkwe alinyoosha mkono mkutanoni akasema wanaochota wawemo, akanitaja mimi. Watu walicheka sana. Mkamwana atakaaje meza moja na baba mkwe wake? Hata wenzangu waliopiga vigelegele mferejini walicheka. Kutila ikawa nzuri tena, ikatumika kufungia mlango. Mama mkwe akangoja wamalize kucheka. "Ofisi ya kijiji ina ukuta wa mianzi," akasema. "Awekewe kiti nje."

Nafikiri walikubali kwa sababu waliona ni mchezo.

Kikao cha kwanza mvua ilikuwa inanyesha. Niliketi kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa, mtoto wangu mchanga mgongoni, mgongo wangu umeuelekea ukuta, na maji ya nyasi za paa yakinidondokea miguuni. Ndani walikunywa chai. Waliongea habari ya uzio, habari ya ng'ombe wanaoingia kinamasini. Kisha nikasikia bwana shamba amekuja na wazo. Si kabichi safari hii, ni vitunguu. Vitunguu havihitaji mfereji mkubwa. Mfereji mdogo tu, wa upana wa jembe, pembeni, chemchemi haitajua.

"Upana wa jembe si kitu," baba mkwe akasema. "Au vipi, wajumbe?"

Wajumbe wakanung'unika kwamba si kitu.

Mdomo wangu ulikauka kama zamani darasani. Mtoto alikuwa amelala.

"Hapana," nikasema.

Nafikiri sauti haikupita mianzi. Ndani vikombe viligongana, mtu akauliza mbegu za vitunguu zitatoka wapi.

"Hapana," nikasema tena, kwa nguvu, na mtoto akaamka akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nilimwacha alie, ili nao wasiweze kusikilizana, na ndani ya kilio chake nikaendelea kuuambia ukuta ule hapana, hapana, mpaka habari za vitunguu zikakoma na mtu akatoka kwenda kuuliza nje kuna nini.